Saratani ya kibofu ikishafika kwenye mifupa, nini huamua siku za mgonjwa?

Ruhembe, kata ya Wilaya ya Kilosa iliyo katika ukanda wa miwa kati ya Mikumi na Kidatu, kuumwa mgongo hakumshangazi mtu. Anayekata miwa anaumwa mgongo, anayepalilia mpunga anaumwa mgongo, na mama anayebeba ndoo ya maji kila asubuhi naye anaumwa mgongo. Kukojoa damu nako, katika maeneo ya mito na mabonde, kumezoeleka kiasi kwamba wapo wazee wanaosema mtoto wa kiume akikojoa damu ndiyo anakua.

Mambo hayo mawili yaliyozoeleka ndiyo yanayoipa saratani ya njia ya mkojo mahali pa kujificha. Inaanzia kwenye kibofu, kwenye figo au kwenye mirija inayotoa mkojo kwenye figo. Inatoa damu ambayo mara nyingi haiumi. Damu ile inakatika yenyewe baada ya siku chache na mtu anasahau. Miezi au miaka ikipita, anaanza kuumwa mgongo au nyonga. Anakandwa, ananunua vidonge dukani, anarudi shambani. Siku anapofikishwa hospitali na kupigwa picha, daktari anaiita familia na kuiambia kwamba ugonjwa umeshafika kwenye mifupa.

Swali linalofuata huwa lile lile katika kila familia: amebakiza muda gani?

Ukweli ni kwamba kwa wagonjwa wengi, saratani hii ikishafika kwenye mifupa haiponi. Lakini muda hauwi mmoja kwa wote. Wapo wanaoondoka ndani ya wiki chache na wapo wanaoishi mwaka, miwili au zaidi. Tafiti za zaidi ya miaka 25 zimeonyesha ni mambo gani yanayowatenganisha wagonjwa hao. Baadhi yake hakuna awezaye kuyabadili. Mengine yako ndani ya uwezo wa familia na zahanati ya jirani, na hapo ndipo siku nyingi hupotea bila sababu.

Kwanza ijulikane ni saratani gani

Mwanaume mwenye umri mkubwa akiambiwa ana saratani mifupani na ana shida ya mkojo, watu wengi husema moja kwa moja kwamba ni tezi dume. Mara nyingi huwa kweli, kwa sababu saratani ya tezi dume hupenda sana kwenda kwenye mifupa. Lakini tezi dume, kibofu na figo ni magonjwa matatu tofauti, na tiba zake ni tofauti. Saratani ya tezi dume hupunguzwa nguvu kwa dawa za kuzuia homoni, na wapo wanaoishi nayo miaka kadhaa hata ikiwa kwenye mifupa. Dawa hizo hazitibu saratani ya kibofu wala ya figo.

Saratani ya figo nayo ina tabia yake. Hupenda kwenda kwenye mapafu na mifupa, na ikitokea imehamia kwenye mfupa mmoja tu, madaktari wakati mwingine hufikiria upasuaji wa kuiondoa sehemu hiyo.

Kwenye kibofu chenyewe kuna aina kuu mbili. Ya kwanza huanzia kwenye utando wa kawaida wa ndani ya kibofu, na ndiyo inayoongoza Ulaya na Marekani, ambako uvutaji wa sigara ndio chanzo kikubwa. Ya pili huitwa saratani ya seli bapa, na mara nyingi huhusishwa na kichocho cha mkojo cha muda mrefu.

Kwa Tanzania tofauti hiyo ina uzito. Watafiti wa Mwanza waliopitia kumbukumbu za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu wa Kanda ya Ziwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walikuta zaidi ya nusu walikuwa na saratani ya seli bapa. Karibu wagonjwa 45 katika kila 100 walikutwa na mayai ya kichocho kwenye kinyama kilichopimwa. Takriban nusu ya wagonjwa wote walikuwa wanawake.

Saratani ya seli bapa kwa kawaida haisikii tibakemikali kama ile nyingine inavyosikia. Kwa hiyo familia inayosoma mtandaoni kwamba mgonjwa fulani wa ng'ambo ameishi miaka mitatu baada ya dawa fulani iulize kwanza: aina ile ndiyo hii ya mgonjwa wetu? Jibu hutoka kwenye kinyama kilichochukuliwa na kupimwa maabara. Mgonjwa ambaye hajapimwa kinyama hajajulikana anaumwa nini, hata kama picha ya mifupa imeonyesha madoa.

Nguvu za mgonjwa

Mwaka 1999 madaktari wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering ya New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 203 ambao saratani yao ya kibofu na mirija ya mkojo ilikuwa imesambaa, na wote walipewa tibakemikali ya aina moja. Walitaka kujua kwa nini wengine waliishi na wengine walikufa mapema.

Mambo mawili yalijitokeza kuliko mengine. La kwanza ni mahali saratani ilipofika: mapafu, ini au mifupa, badala ya kuishia kwenye tezi za limfu. La pili ni hali ya mgonjwa mwenyewe: je, aliweza kuendelea na shughuli zake za kawaida, hata kwa kujikongoja, au alikuwa ameshashindwa?

Nusu ya wagonjwa ambao hawakuwa na tatizo hata moja kati ya hayo waliishi zaidi ya miezi 33. Wenye tatizo moja, muda huo ulishuka hadi miezi 13.4. Wenye yote mawili, miezi 9.3.

Mgonjwa ambaye saratani yake iko kwenye mifupa ameshaingia kwenye kundi la tatizo moja. Kilichobaki kumtofautisha ni nguvu zake. Si kwamba uji wa lishe unayeyusha saratani. Nguvu ndizo zinazoamua kama mwili utahimili tibakemikali, na daktari akimkuta mtu amelala kitandani siku nzima, mara nyingi hataipendekeza kwa sababu inaweza kumwondoa mapema kuliko ugonjwa wenyewe.

Udhaifu nao una vyanzo vingi, na si vyote ni saratani. Malaria isiyotibiwa, maambukizi ya mkojo, upungufu wa damu, kukosa usingizi kwa maumivu na kutokula kwa siku kadhaa vinaweza kumlaza mtu ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anakwenda dukani kwa miguu yake. Hayo yote yanatibika kwenye kituo cha afya. Mgonjwa akidhoofika ghafla, familia isiseme tu "ndiyo saratani" ikanyamaza.

Damu na ini

Mwaka 2010 timu nyingine ya watafiti ilichapisha matokeo ya wagonjwa 370 ambao tibakemikali ya kwanza ilikuwa imeshashindwa kuwasaidia. Hapa yalionekana mambo matatu: nguvu za mgonjwa kupungua, wingi wa damu kuwa chini ya 10, na saratani kufika kwenye ini.

Ambaye hakuwa na hata moja, muda wa kati ulikuwa miezi 14.2. Mwenye moja ulikuwa miezi 7.3, mwenye mawili 3.8, na mwenye yote matatu mwezi 1.7.

Katika orodha hiyo, wingi wa damu hupimwa kwa tone la damu kwenye kidole, na kipimo hicho kipo kwenye vituo vingi vya afya. Mgonjwa wa kibofu hupoteza damu kidogo kidogo kila anapokwenda haja ndogo, na kwa kuwa familia imeizoea rangi ile, hakuna anayehesabu. Damu ikishuka mtu huchoka, moyo hukimbia, hamu ya kula hupotea. Kuongezewa damu hakuondoi saratani, lakini kunaweza kumrudisha kwenye hali ya kuweza kutibiwa. Kutoka damu kwenye kibofu kwenyewe kunaweza pia kupunguzwa kwa mionzi.

Wanaotibu saratani ya figo iliyosambaa huangalia karibu mambo yale yale: nguvu za mgonjwa, wingi wa damu, na kiwango cha madini ya kalsiamu kwenye damu. Kalsiamu ikipanda, mgonjwa huwa na kiu isiyoisha, choo kigumu, usingizi mwingi na kuchanganyikiwa. Hali hii hutokea kwenye saratani zinazofika mifupani, na watu hudhani mgonjwa amerogwa au ameanza kuaga, kumbe inatibika kwa dripu na dawa ikiwahiwa.

Figo, na vidonge vya mgongo

Dawa ya tibakemikali inayotegemewa zaidi kwa saratani ya kibofu iliyosambaa huitwa sisplatini. Ina sharti gumu: figo ziwe zinafanya kazi vizuri. Uvimbe wa kibofu mara nyingi huziba mirija inayotoka kwenye figo, mkojo ukarudi nyuma na figo zikaanza kuharibika bila mgonjwa kujua.

Ongeza juu yake vidonge vya maumivu ya mgongo vinavyouzwa kila duka la dawa. Diklofenaki na ndugu zake wanaotumika kwa uvimbe na maumivu vinaweza kuziumiza figo ambazo tayari zina shida, hasa mtu akivimeza kila siku kwa miezi. Mgonjwa anaweza kufika hospitali kubwa akakuta dawa ambayo ingempa miezi zaidi haiwezekani tena kwake kwa sababu figo zimechoka.

Kwa hiyo mtu aliyewahi kukojoa damu asijitibu mgongo kwa vidonge vya dukani. Aende akapimwe damu kuangalia figo, na apigwe altrasaundi kuona kama mkojo unapita. Mirija iliyoziba inaweza kuzibuliwa kwa kuwekewa mpira mdogo, na figo zikapata nafuu.

Kulinda mifupa yenyewe

Saratani ikiingia kwenye mfupa hula ugumu wake kutoka ndani. Mfupa unabaki na umbo lake lakini unakuwa kama mti ulioliwa na mchwa. Pingili ya mgongo inaweza kubonyea, fupa la paja linaweza kuvunjika mtu akigeuka tu kitandani. Akishavunjika halali tena kwa nafuu, hatembei, na zile nguvu zinazoamua tiba zinakwisha.

Moja ya tafiti zinazozungumzia jambo hili moja kwa moja ilifanyika Afrika. Nchini Misri, ambako kichocho na saratani ya kibofu vimekwenda pamoja kwa vizazi vingi, madaktari waliwachukua wagonjwa 40 ambao saratani yao ya kibofu ilikuwa imefika mifupani. Wote walipata mionzi ya kutuliza. Kisha nusu walipewa dripu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kuimarisha mifupa, mara moja kwa mwezi kwa miezi sita, na nusu nyingine dripu isiyo na dawa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliopata dawa walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuvunjika mfupa au kupata tatizo jingine kubwa la mifupa. Mwaka mmoja baadaye, karibu 36 katika kila 100 waliopata dawa walikuwa hai, na katika kundi la pili hakuna aliyekuwa amebaki. Utafiti wa watu 40 ni mdogo na hautoshi kuapia. Lakini unaonyesha kwamba kuulinda mfupa si kazi ya kupunguza maumivu pekee. Kabla ya kupewa dawa hii mgonjwa hupimwa figo na kuangaliwa meno, kwa sababu inaweza kuumiza figo na, mara chache, kuharibu taya.

Mionzi nayo haihitaji kila mara mgonjwa akae Dar es Salaam wiki nyingi. Kwa maumivu ya mfupa usiovunjika, dozi moja kubwa kwa siku moja hutuliza maumivu sawasawa na dozi nyingi ndogo, na zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata nafuu. Kasoro yake ni kwamba wengine huhitaji kurudia baadaye. Familia inayotoka Ruhembe, takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, ina haki ya kumuuliza daktari: kwa mgonjwa wetu, dozi moja inatosha?

Nyumbani nako kuna mambo mawili ya kuacha. La kwanza ni kukandwa kwa nguvu na kunyooshwa mgongo. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu hakina ubaya, lakini kupandwa mgongoni au kuvutwa miguu kunaweza kuvunja pingili iliyoliwa. La pili ni kumpakia mgonjwa kwenye bodaboda. Barabara ya vumbi yenye mashimo, mgonjwa kabanwa katikati ya dereva na ndugu, ni hatari kubwa kwa mgongo wa namna hiyo. Itafutwe gari, hata la kuchangiwa na majirani, na alazwe akiwa amenyooka.

Zipo dalili ambazo mgonjwa akizipata hasubiri kesho:

- Miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi.
- Ganzi sehemu anayokalia au sehemu za siri.
- Mkojo kugoma ghafla, au mkojo na choo kutoka bila kujizuia.
- Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku na yanayopiga kama mkanda kuzunguka kifua au tumbo.
- Maumivu makali ya ghafla kwenye paja au nyonga baada ya kukanyaga vibaya.

Nne za kwanza zinaweza kumaanisha kwamba uti wa mgongo unabanwa. Hapo saa zinahesabika. Mgonjwa anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea baada ya dawa za kupunguza uvimbe na mionzi. Anayefika miguu ikiwa imeshapooza siku kadhaa, mara chache hurudi kusimama. Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito, na ipo hospitali ya rufaa ya mkoa Morogoro. Mgonjwa apelekwe kwanza kwenye hospitali ya karibu, familia itaje wazi neno saratani na neno miguu, ili rufaa iandikwe siku hiyo hiyo.

Maumivu si sehemu ya adhabu

Mtu mwenye maumivu makali halali, hali na hasogei. Ndani ya wiki mbili anakuwa mgonjwa wa kitandani. Kwa hiyo kutuliza maumivu ni sehemu ya kulinda siku zake, mbali ya kuwa ni haki yake.

Dawa ya maumivu ya saratani yanayozidi nguvu ya vidonge vya kawaida ni mofini ya kunywa. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam imekuwa ikichanganya mofini ya maji na kuisambaza kwenye hospitali nyingine nchini. Familia nyingi huiogopa kwa kusikia kwamba inamfanya mtu kuwa teja au kwamba ukianza kuipewa ndiyo mwisho. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa mgonjwa wa saratani, haimfanyi kuwa teja wala haiharakishi kifo. Hutolewa kwa saa, si kwa kusubiri mpaka maumivu yapande. Tatizo lake la kawaida ni choo kigumu, kwa hiyo iombwe pamoja na dawa ya kulainisha choo.

Huduma hii ya kutuliza maumivu na kumsaidia mgonjwa na familia huitwa tiba shufaa. Inaweza kuanza siku ile ile ugonjwa unapogundulika, sambamba na tibakemikali na mionzi. Isisubiri mpaka dawa nyingine zote zishindwe.

Nauli, shamba na mazungumzo ya nyumbani

Hapa ndipo familia za wakulima huumia. Baba ameugua, na ekari mbili za miwa zinatakiwa kuuzwa. Mmoja anataka apelekwe India, mwingine amesikia kuna mganga Ifakara, mama anataka alale nyumbani kwake.

Zipo dawa mpya. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya dawa mbili za dripu zinazotolewa pamoja, enfortumab vedotin na pembrolizumab, kwa wagonjwa wa saratani ya kibofu na mirija ya mkojo iliyosambaa. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 31.5, ukilinganishwa na 16.1 kwa waliopata tibakemikali ya kawaida. Ni hatua kubwa, lakini bei yake bado iko mbali sana na mfuko wa mkulima, na utafiti wenyewe uliihusu hasa ile saratani ya utando wa kawaida wa kibofu, si ya seli bapa.

Kabla shamba halijauzwa, ndugu wakae na daktari na kumuuliza mambo matano. Kinyama kimeonyesha aina gani? Saratani iko kwenye mifupa tu, au na ini na mapafu? Damu na figo zikoje? Kwa hali aliyonayo leo, tiba hii inatarajiwa kumpa nini: muda, nafuu ya maumivu, au vyote? Na kama hatutaifanya, atatunzwaje?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha nauli ipi inafaa. Safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi ya siku moja itakayomwezesha baba kukaa barazani bila kulia usiku mara nyingi ina faida iliyo wazi. Kuuza ekari zote kwa tiba ambayo daktari mwenyewe hana hakika nayo, wakati ini limeshajaa na mgonjwa hainuki, ni uamuzi wa kuzungumzwa taratibu, na mgonjwa mwenyewe awepo. Yeye ndiye anayejua anataka siku zake zitumike wapi. Mara nyingi huachwa nje ya kikao kwa kisingizio cha kumwonea huruma, na mambo ya mashamba, madeni na ada za watoto yakabaki bila kusemwa.

Na wale waliofika wamechelewa wasibebeshane lawama. Mahali ugonjwa ulipofika na aina ya seli si mambo ya uzembe wa mtu yeyote nyumbani.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayeoga mtoni

Sababu iliyo rahisi kuizuia katika habari hii yote inaanzia utotoni. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka minyoo ya kichocho cha mkojo katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mayai yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza miaka na miaka. Bonde la Kilombero, jirani kabisa na Ruhembe, si geni kwa ugonjwa huo: utafiti kuhusu kichocho cha mkojo katika eneo la Ifakara ulichapishwa tangu mwaka 1983.

Misri imeshaonyesha kwamba hali hii hubadilika. Kadiri kichocho kilivyodhibitiwa, saratani ya seli bapa ya kibofu ilipungua sana katika hospitali zake.

Shule zinapogawa dawa ya kichocho, prazikwanteli, mtoto asizuiwe. Ale kwanza, kwa sababu dawa hiyo ikimezwa tumbo tupu huleta kichefuchefu. Ambaye hasomi naye apelekwe zahanati. Maji ya mtoni ya kuogea yakikaa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, vijidudu vya kichocho hufa. Na mtoto akisema amekojoa damu, asiambiwe anakua. Apimwe mkojo wiki hiyo hiyo.

Mtu mzima naye, hasa aliyevuka miaka 40, akiona damu kwenye mkojo hata mara moja na hata isipouma, asikubali kutibiwa UTI mara tatu mfululizo bila kupimwa zaidi. Wanawake wawe waangalifu zaidi, kwa sababu damu yao hudhaniwa ni ya hedhi. Aombe altrasaundi ya figo na kibofu, na akishauriwa kuingizwa kamera kwenye kibofu, akubali. Saratani ya kibofu iliyokutwa bado iko kwenye utando wa ndani hutolewa kwa kamera hiyo hiyo, na wengi wanaotibiwa katika hatua hiyo huishi miaka mingi baada yake.